Kompyuta ya stesheneri iliyopigwa windo mara tatu

Mama mwenye stesheneri alinipigia simu Jumatatu asubuhi, msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu umepamba moto. Nyuma ya sauti yake nilisikia vijana wakinung'unika. "Shikamoo mama." "Marahaba baba. Fundi, hii kompyuta imenishinda. Nimejaza fomu ya mtoto wa watu mpaka ukurasa wa mwisho, Chrome hii ya kuingilia mtandaoni ikajifunga. Nikafungua tena, ikajifunga. Njoo unipigie windo." Kisha akaongeza kwamba ndani ya mwaka mmoja ilikuwa imeshapigwa windo mara tatu.

Hizo mara tatu ndizo zilizonifanya nibebe mkoba wote wa vifaa badala ya flashi peke yake. Kupiga windo, yaani kufuta mfumo wa Windows na kuuweka upya, kumekuwa panadoli yetu mafundi: mteja akisema mashine nzito, tunapiga windo, tunachukua hela, tunaondoka. Na kama panadoli, inatuliza. Kompyuta ya mama huyu kila mara ilikaa vizuri wiki mbili au tatu. Ninaandika kisa hiki kwa ukamilifu kwa sababu ya hizo wiki mbili au tatu. Zilimdanganya mama, na zilidanganya mafundi watatu.

Duka liko Morogoro, upande wa Kihonda: chumba kimoja, mashine ya fotokopi, printa mbili, na kompyuta moja ya mezani iliyonunuliwa mtumba. Prosesa ni Core i5 ya kizazi cha tatu, toleo la mwaka 2012. RAM, kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ni GB 4, kijiti kimoja cha DDR3. Diski ni ya kuzunguka, GB 500, imegawanywa sehemu mbili, C na D. Mfumo ni Windows 10. UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, hakuna. Nilipomuuliza umeme unakatika mara ngapi, mama alinionyesha mshumaa uliogandishwa juu ya kaunta, umeungua mpaka nusu.

Kabla ya kugusa chochote nilimwomba anisimulie walichofanya wenzangu. Wa kwanza alisema ni virusi, akapiga windo na kuweka programu ya pili ya kuzuia virusi juu ya ile inayokuja na Windows. Wa pili alisema wasifu wa Chrome, yaani folda ya mipangilio na kumbukumbu za mtumiaji, umeharibika. Akaunda wasifu mpya, ukaenda vizuri siku moja, ukaharibika nao, akapiga windo. Huyo alifuta kila kilichokuwa kwenye Desktop, pamoja na mitihani ya shule ya msingi ambayo mama alikuwa ameichapa. Mama alikesha usiku kucha akiichapa upya. Wa tatu alipiga windo, akapunguza faili ambalo Windows hulitumia kama nyongeza ya RAM hadi MB 512, akisema litaongeza kasi. Sitaki kuwasema vibaya, maana kila mmoja alikuwa ameona dalili ya kweli. Ila hakuna aliyeuliza kwa nini ugonjwa unarudi.

Nikamwambia mama afanye kazi yake kama kawaida, mimi nikae pembeni na simu yenye saa. Kuanzia kubonyeza swichi hadi Chrome kufunguka: dakika 6 na sekunde 40. Akafungua fomu ya kijana wa kwanza, akaanza kupakia cheti cha kuzaliwa kilichoskaniwa, kila kitu kikaganda. Kishale cha kipanya kilisogea, lakini hakuna kilichobonyezeka. Niliinama nikaweka sikio kwenye kasha. Tik. Kimya. Tik. Kimya. Tik. Diski ya kuzunguka ikisoma vizuri huvuma mfululizo, na vichwa vyake hukwaruza kwa haraka haraka. Hii ilikuwa inarudia mwendo uleule mmoja, kama mtu anayejaribu ufunguo usioingia. Baada ya kama nusu dakika Chrome ilipotea yote, bila ujumbe, ikabaki picha ya ukutani tu. Kijana aliyesubiri fomu yake alifunika uso kwa mikono.

Nikafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha nini kinatumika kiasi gani, kwa Ctrl, Shift na Esc. Prosesa ilikuwa inatumika asilimia 9. RAM asilimia 88. Diski asilimia 100. Hapo mafundi wengi husema "diski imeelemewa" na kuanza kuzima programu zinazojiwasha. Lakini ukibonyeza upande wa diski unaona namba mbili zenye maana zaidi. Mwendo wa kusoma ulikuwa KB 700 kwa sekunde, na muda wa wastani wa kujibu ulikuwa unapita milisekunde 4,000. Diski ya kuzunguka iliyo nzima, hata ikiwa na kazi nyingi, kwa kawaida hujibu kwa makumi hadi mamia ya milisekunde. Hii ilikuwa na shughuli muda wote na haikubeba mzigo wowote wa maana. Diski iliyoelemewa huchelewa, lakini si kwa sekunde nne kila ombi. Hii ilikuwa imekwama.

Hata hivyo RAM ya GB 4 kwa kazi ile ilinivuta pia. Tangu Chrome ilipotoka mwaka 2008 imejengwa kwa michakato mingi: kwa kawaida kila kichupo hupewa mchakato wake, ili kimoja kikifa vingine vibaki hai. Usalama huo unalipiwa kwa RAM, na mama alikuwa na vichupo 19. Basi nikafanya jaribio. Nikavifunga vyote, nikaacha viwili, nikazima viendelezi vyote, yaani programu ndogo zinazopachikwa ndani ya Chrome, tukaendelea. Dakika ishirini na kitu hivi baadaye ikajifunga tena, RAM ikiwa asilimia 61. Kwa hiyo RAM peke yake haikutosha kueleza.

Jibu lilikuwa limeandikwa ndani ya kompyuta yenyewe muda wote. Windows ina daftari la matukio, Event Viewer, na kila programu inapokufa ghafla huandikwa humo tukio namba 1000, jina la programu na msimbo wa sababu. Nilichambua matukio ya Chrome tangu windo la mwisho. Yalikuwa 21. Manne yalikuwa na msimbo 0xe0000008, ambao Chrome huutoa inapoomba kumbukumbu na kunyimwa. Kumi na saba yalikuwa na msimbo 0xc0000006.

Msimbo huu wa pili ukikutana nao, simama. Ndugu yake maarufu ni 0xc0000005, programu inapogusa eneo la kumbukumbu lisilo lake. Huo unaweza kuletwa na hitilafu ya programu, kiendelezi kibovu au RAM mbovu. Lakini 0xc0000006 unasema jambo jingine: programu ilihitaji kipande cha faili kilichoko kwenye diski, Windows ikaenda kukisoma, diski ikashindwa kukileta. Nikahamia daftari la mfumo nikalinganisha saa. Chrome ilikufa saa 4:42, na diski iliandika tukio namba 7, sehemu mbovu, saa 4:42. Chrome ilikufa saa 5:15, na tukio namba 7 lipo saa 5:15. Katikati yake yalijaa matukio namba 153, ombi la kusoma limerudiwa. Nilimgeuzia mama skrini nikamwonyesha kwa kidole, mstari kwa mstari. Akasema taratibu, "Kumbe si Chrome."

Si Chrome. Lakini kwa nini Chrome ndiyo iliyokufa na Word haikufa? Hapa ndipo magonjwa mawili yalipokutana. Kiini cha Chrome ni faili moja kubwa, chrome.dll, lenye mamia ya MB. Windows hailisomi lote kwa mkupuo, huleta ukurasa unaohitajika wakati unapohitajika. RAM ikibana, Windows hutupa kurasa za faili hilo kwa kuwa inajua zipo kwenye diski na itazisoma tena. Kompyuta yenye RAM ya kutosha ingesoma sehemu ile mara moja asubuhi na kukaa nayo. Hii ilikuwa inaitupa na kuirudia siku nzima, na kila marudio ni kamari kwa sekta, kipande kidogo cha uso wa diski, inayochoka. Sekta ya namna hiyo wakati mwingine husomeka. Diski hujaribu tena na tena, sekunde kadhaa, na huko ndiko kuganda. Ikifaulu, mama anaona kompyuta nzito. Ikishindwa, anaona Chrome imejifunga. Kosa lilelile moja, anaona nyuso mbili. Na ikiwa kilichokosekana ni cha mchakato wa kichupo, kinakufa kichupo tu. Kikiwa cha mchakato mkuu, dirisha lote linaondoka na fomu ya mtoto wa watu ndani yake.

Sasa turudi kwenye zile wiki mbili za nafuu. Diski inaposhindwa kusoma sekta, haiwezi kuibadilisha papo hapo, maana haijui kilichokuwemo. Huiweka kwenye orodha ya zinazosubiri. Siku programu ikiandika kitu kipya juu ya sekta hiyo, ndipo diski hupata nafasi ya kuihamishia kwenye akiba au kugundua kwamba bado inaandikika. Kupiga windo ni kuandika upya mafaili ya mfumo, mengine juu ya sekta zile mbovu, mengine mahali papya. Kwa hiyo kunaponya kweli, kwa muda. Wasifu mpya wa Chrome ulifanya hivyohivyo kwa udogo: mafaili mapya, sekta nyingine, nafuu ya siku moja. Hata Chrome inapojisasisha yenyewe, faili lake jipya hutua mahali pengine na tabia ya mashine hubadilika bila mtu kugusa kitu. Fundi anayeona nafuu anaamini amepatia. Wakati huo uso wa diski unaendelea kumomonyoka.

Suala la virusi nalo lilikuwa na chanzo chake. Kona ya chini ya skrini kulikuwa na visanduku vinavyoruka kila baada ya dakika chache: kompyuta yako ina virusi 5, bonyeza hapa. Hizo zilikuwa arifa za kivinjari. Mtu aliwahi kuingia tovuti ya kupakua filamu, ikamwomba ruhusa ya kutuma arifa, akakubali. Nilizifuta kwenye mipangilio ya Chrome chini ya dakika moja. Nilichunguza virusi pia, sikupata. Lakini ona jinsi uongo ule ulivyowapoteza watu.

Nilithibitisha kwa CrystalDiskInfo, programu inayosoma kumbukumbu za afya ambazo diski hujiwekea. Rangi ilikuwa njano. Mstari 05, sekta zilizokwisha kuhamishwa. Mstari C5, zinazosubiri. C5 ilisomeka 68. Angalizo kwa wenzangu: programu hii, isipobadilishwa, huonyesha thamani ghafi kwa namba za msingi wa 16, hivyo 68 ile ni sekta 104. Mstari C7, ambao hupanda kebo ya data ikiwa mbovu, ulikuwa sifuri, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kulaumu kebo. Saa za kufanya kazi zilipita 31,000, sawa na miaka mitatu na nusu bila kuzimwa, nyingi zikiwa za kabla mama hajainunua.

Nikazima kompyuta palepale. Mama hakufurahi, na ana haki, vijana kumi na mmoja walikuwa kwenye benchi. "Baba, si ungenipigia windo leo nimalize wiki hii, diski tutanunua mwezi ujao?" Nikamuuliza kwenye D kuna nini. Kuna folda inaitwa WATEJA: barua za maombi ya kazi, wasifu wa watu, hati za mauzo ya viwanja, miaka minne ya kazi. Watu hurudi na kumwambia, mama, barua yangu ile imo humo, badilisha tarehe tu. Nikamwambia, mama, windo likipigwa leo mashine itakwenda, lakini diski hii inaweza kukata roho wiki hiyohiyo, na WATEJA itaondoka nayo. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi fanya." Nilimwachia kompyuta yangu ya mapakato ili vijana wasirudi bure.

Kuna amri ambayo wengi tungeikimbilia, chkdsk yenye kigezo r, inayopita diski nzima kutafuta sekta mbovu. Kwa diski inayokufa sikubaliani nayo kabla data haijatoka. Inailazimisha kazi ngumu kuliko zote ikiwa dhaifu kuliko siku zote, na katika kurekebisha mpangilio wa mafaili inaweza kukata vipande ambavyo bado vingeokolewa. Kunakili kwa kuburuta mafaili ndani ya Windows nako kunakwama kwenye faili la kwanza baya. Niliwasha mashine kwa flashi ya Linux, mfumo mwingine usiotegemea Windows, nikatumia ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu. Uzuri wake ni kwamba huchukua kwanza yote yanayosomeka kwa urahisi, huruka penye shida, na hurekodi kwenye faili la ramani ilipofika. Umeme ukikatika, kazi inaendelea ilipoishia. Na ulikatika, mara moja, saa mbili usiku. Diski nzima ya GB 500 niliimimina kwenye diski yangu ya nje ya TB 1. Mzunguko wa kwanza ulikwenda mpaka alfajiri, kisha nikairudisha kwenye sehemu mbovu kwa majaribio matatu. Mwisho zilibaki KB 212 tu zisizosomeka. Folda ya WATEJA ilipoteza mafaili mawili, picha za vyeti vilivyoskaniwa, ambavyo wenyewe bado wana nakala ngumu.

Kitu kimoja kilikaribia kuniponyoka. Mama alikuwa amehifadhi nywila zake ndani ya Chrome, na nywila hizo husimbwa kwa ufunguo uliofungwa kwenye akaunti ya Windows. Ukinakili folda ya wasifu na kuiweka kwenye Windows mpya, alamisho zitakuja, nywila hazitafunguka. Kabla ya kuzima ile mara ya mwisho ilibidi nizitoe kwanza, na Chrome ilistahimili dakika tano zilizohitajika. Katika orodha ile tulikuta pia nywila za wateja, wanafunzi waliobonyeza kuhifadhi bila kujua. Tulizifuta zote, na sasa wateja hufunguliwa dirisha la faragha ambalo halibaki na historia wala nywila likifungwa.

Matengenezo yenyewe yalikuwa mafupi kuliko uchunguzi. SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka, ya GB 240 niliinunua Sh 70,000, na kijiti cha pili cha RAM, cha mtumba, GB 4, Sh 20,000, nikakipima usiku kucha kwa MemTest86, programu ya kupima RAM, kabla ya kukiamini. Kisha nikapiga windo. Ndiyo, la nne, ila juu ya diski nzima. Lile faili la nyongeza ya RAM nililiacha Windows ilisimamie yenyewe. Kulibana hadi MB 512 ndiko kulikoleta vile vifo vinne vya msimbo 0xe0000008, maana kiasi cha kumbukumbu ambacho Windows inaweza kuahidi programu zote ni RAM pamoja na faili hilo. Jumla ilikuwa GB 4.5, na vichupo 19 viliifikia. Programu ya pili ya virusi sikuirudisha. Folda ya WATEJA sasa inanakiliwa kila Ijumaa jioni kwenye diski ndogo ya nje ambayo mama huondoka nayo nyumbani.

Kompyuta sasa inawaka na Chrome inafunguka kwa sekunde 31. Nilirudi baada ya wiki sita, katikati ya siku ya kazi, nikafungua daftari la matukio. Namba 1000 kwa Chrome: hakuna. Namba 7: hakuna. Namba 153: hakuna.

Mawili yamebaki. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 rasmi kwa kawaida huanzia kizazi cha nane, kwa hiyo mashine hii haina njia rasmi ya kupanda. Nimemwambia mama wazi kwamba hela inayofuata aiwekee mashine nyingine, asiiongeze kwenye hii. La pili ni UPS, ambayo ameshaanza kuidunduliza.

Diski ya zamani nilikaa nayo mpaka mama akapitia WATEJA folda kwa folda na kusema hakuna kinachokosekana zaidi ya yale mafaili mawili. Humo mlikuwa na vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na sahihi za mamia ya watu wa Morogoro, na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika. Hata isingekuwepo sheria, vitu vya watu ni vya watu. Nikafuta nakala iliyokuwa kwangu. Kisha tukaitoa diski nje ya duka, kijana wa welding wa jirani akatuazima drili, tukaitoboa sahani zake mara nne, mama akiwa ameishika kwa koleo.